Karatasi Yangu ya Machi

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Julai 2025 nilitoa kalamu ya wino mfukoni, nikaenda kwenye friji ya chumba chetu cha mapumziko kazini, nikapiga mistari miwili chini ya jina la Detroit kwenye karatasi yangu ya ubashiri wa besiboli iliyobandikwa pale. Kisha nikamgeukia dada shabiki wa Cleveland ninayekunja naye mashuka, nikamwambia, "Mdogo wangu, kanda hii imeshaisha. Tuombe uzima, tuonane mwakani." Timu yake ilikuwa nyuma ya Detroit kwa michezo 15 na nusu. Hakunijibu. Alishika ncha mbili za shuka, akanisubiri nishike zangu, tukaendelea na kazi.

Nimekuwa nikibashiri msimu wa besiboli ya Marekani tangu mwaka 2019. Karatasi zangu zote ninazo isipokuwa moja. Oktoba 2025 nilizipanga mezani nyumbani, mwaka kwa mwaka, nikaona nimekosea mara nyingi sana, lakini kosa lile lile nililirudia mara moja tu. Kila karatasi ilinifunza kitu ambacho iliyotangulia haikujua. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni mtu wa Tanga. Naishi Toledo, jimbo la Ohio, na nafanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Toledo ni mji wa ajabu kwa mpenzi wa besiboli. Uko Ohio, kwa hiyo Cleveland ni ndugu. Lakini ukishika barabara ya kaskazini, saa moja hivi umefika Detroit, wakati Cleveland ni karibu saa mbili kwenda mashariki. Tena timu ya mji wetu, Mud Hens, ni timu ya kulelea wachezaji wa Detroit. Kwa hiyo mashabiki wa Detroit na wa Cleveland wanakula meza moja, wengine wanalala nyumba moja, kama zilivyo nyumba zetu nyingi za Simba na Yanga. Redio ya chumba cha kukunja haizimwi kuanzia mwisho wa Machi hadi Oktoba.

Mwanzilishi wa karatasi ni mzee anayeendesha lori la mashuka. Nilimwita Babu wiki ya kwanza kwa sababu umri wake ulinikataza kumwita jina, na sasa zamu nzima, Wamarekani kwa Wadominika, wanamwita Babu. Kila Machi, kabla ya mechi ya ufunguzi, kila mtu anaandika kanda sita na timu tano za kila kanda kwa mpangilio anaoamini zitamaliza nao. Nafasi thelathini, kila uliyopatia ni alama moja. Hatubeti, fedha haiingii kabisa. Anayeshika mkia ananunua donati za zamu nzima Jumatatu ya kwanza baada ya msimu.

Kwa msomaji aliyelelewa na soka kama mimi, nieleze kwa ufupi. Kuna ligi mbili, ya Amerika na ya Taifa, na kila moja ina kanda tatu: Mashariki, Kati na Magharibi. Kila timu inacheza mechi 162, karibu kila siku, ndani ya miezi sita. Ligi yetu ya Bara ni mechi 30. Hakuna sare wala kushuka daraja. Mchezaji akizunguka vituo vyote akarudi alipoanzia, timu yake imepata mkimbio mmoja. Bingwa wa kanda anaingia kwenye mchujo moja kwa moja, na tangu 2022 kila ligi inatoa nafasi tatu za ziada kwa timu bora zilizokosa ubingwa wa kanda. Umbali kati ya timu mbili huhesabiwa kwa michezo: aliye nyuma akishinda na wa mbele akafungwa siku hiyo hiyo, pengo linapungua mchezo mmoja mzima. Akishinda mmoja na mwingine hakucheza, ni nusu.

Karatasi yangu ya 2019 niliiandika kama mtu wa soka. Mwezi ule ule Philadelphia walikuwa wamemsajili Bryce Harper kwa mkataba wa miaka 13 na dola milioni 330, na nikajiuliza ni timu gani itawazuia. Washington walikuwa wamempoteza yeye huyo, nikawaweka wa nne. Philadelphia walimaliza na ushindi 81 na vipigo 81, nafasi ya nne. Washington walianza vibaya, wakashinda 19 tu kati ya 50 za mwanzo, wakafufuka, na Oktoba wakatwaa ubingwa wa Marekani nzima.

Babu hakunicheka. Alinionyesha jambo ambalo sikuwa nimelitazama: mpigaji hungoja zamu yake. Wapigaji ni tisa, wanapokezana. Kwenye soka, nyota wako akiwa moto unampa mpira kila unapoupata. Hapa Harper anapiga mara nne au tano, kisha lazima akae benchi aangalie wenzake wanane, hata wale wasiojua kupiga. Na mrushaji bora wa timu, yule anayewarushia wapigaji mpira na anayeweza kuimaliza mechi peke yake, anarusha siku moja kati ya tano. Siku nne nyingine amekaa. Nikaacha kuandika majina ya watu kichwani na kuanza kutazama timu nzima.

Mwaka 2020 msimu ulikuwa wa mechi 60 kwa ajili ya korona, nasi mashuka yalitulemea. Hakuna aliyekuwa na moyo wa karatasi.

Mwaka 2021 nikafanya lile ambalo wengi hufanya, nikaunakili msimamo wa mwaka uliopita na kusogeza timu mbili tatu. Kanda ya Magharibi ya Ligi ya Taifa nikaandika Los Angeles Dodgers, San Diego, halafu wengine, San Francisco nikiwa nimewabana katikati bila kuwafikiria. San Francisco walishinda mechi 107. Dodgers walishinda 106, idadi ambayo miaka mingi inatosha kuwa bingwa wa kanda yoyote, wakawa wa pili kwa mchezo mmoja. San Diego wakamaliza chini ya nusu, 79 kwa 83. Tangu 2013 hadi 2025 mwaka huo ndio pekee ambao Dodgers hawakutwaa kanda yao. Ukiwaandika kila Machi utapatia mara 12 kati ya 13, na bado hutakuwa umejifunza chochote kuhusu besiboli.

Mwaka 2022 ulinifunza kuhusu kalenda. New York Mets walikuwa mbele ya Atlanta kwa michezo 10 na nusu mwanzoni mwa Juni. Atlanta walikuwa wameshinda 23 na kupoteza 27. Kuanzia hapo wakashinda 14 mfululizo, na hadi mwisho wa msimu wakashinda 78 wakapoteza 34. Ninachotaka uone ni kwamba Mets hawakuanguka. Walimaliza na ushindi 101, msimu wa kujivunia. Tatizo ni kwamba Atlanta nao walimaliza na 101, na walikuwa wamewafunga mechi zote tatu za wikiendi moja pale Atlanta, tarehe 30 Septemba hadi 2 Oktoba. Mwaka huo ndio zilipofutwa mechi za ziada za kuamua bingwa timu zikilingana kwa ushindi. Ikaangaliwa nani alimfunga mwenzake zaidi, ubingwa ukaenda Atlanta. Ukiona pengo mwezi Juni, usiulize tu kama aliye mbele atadondoka. Uliza pia aliye nyuma ni mzuri kiasi gani kweli, kwa sababu zimebaki mechi zaidi ya mia.

Na hapo ndipo swali lilipoanza kunisumbua usiku: nitajuaje timu ni nzuri "kweli" kama msimamo wenyewe unadanganya?

Jibu alinipa Babu nyuma ya hati ya kupokelea mashuka. Aliandika mikimbio ambayo timu imefunga, akaizidisha kwa yenyewe. Akaandika mikimbio ambayo timu imefungwa, akaizidisha kwa yenyewe. Akagawa ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Kinachopatikana ni sehemu ya mechi ambazo timu ingestahili kushinda. Kanuni hiyo aliitunga Bill James, mtu ambaye miaka ya 1970 alikuwa mlinzi wa usiku kwenye kiwanda cha maharage ya kopo pale Lawrence, Kansas. Niliposikia hivyo nilikaa kimya. Mtu wa zamu ya usiku, kama sisi, na daftari lake. Nilipenda kanuni ile kwa sababu hiyo kabla hata sijaielewa.

Nilikuja kuielewa kwa San Diego ya 2023. Walikuwa wamemwaga fedha, kila mtu aliwataka, wakamaliza na ushindi 82 tu, magazeti yakawazika. Lakini walikuwa wamefunga mikimbio 752 na kufungwa 648. Nilikaa na kikokotoo cha simu: 752 mara 752, 648 mara 648, nikajumlisha, nikagawa, nikazidisha kwa 162. Ikatoka 93. Timu ya ushindi 93 ilikuwa imeshinda 82! Nikatafuta zilikopotelea mechi kumi na moja, nikazikuta: kwenye mechi zilizoamuliwa kwa mkimbio mmoja walishinda 9 na kupoteza 23. Kwenye mechi zilizoongezewa muda walishinda 2, wakapoteza 12.

Nilimuuliza Babu kama hiyo siyo dalili ya timu isiyo na moyo. Akaniambia nitazame Baltimore ya 2012 na ya 2013. Mwaka 2012 Baltimore walishinda mechi 29 za mkimbio mmoja na kupoteza 9, watu wakasema hao wana moyo wa simba. Mwaka uliofuata, kocha yule yule, wachezaji wengi wale wale, wakashinda 20 na kupoteza 31. Moyo wa simba haupotei wakati wa Krismasi. Ilikuwa bahati, na bahati haifanyi mkataba wa misimu miwili.

Machi 2024 nikaandika San Diego nafasi ya pili, ushindi 90 na zaidi. Wenzangu waliguna, kwa sababu San Diego walikuwa wamemuuza mpigaji wao nyota, Juan Soto, kwa New York Yankees mwezi Desemba. San Diego walimaliza wa pili. Ushindi wao: 93. Namba ile ile iliyotoka kwenye simu yangu. Najua kulingana vile kabisa ni bahati pia, lakini karatasi hiyo nimeitia kwenye plastiki.

Bahati yenyewe ina ukubwa gani? Hili niliamua kulishika kwa mikono yangu. Jumapili moja ya baridi, theluji imefunga barabara, nilichukua sarafu ya shilingi 200 niliyokuja nayo kutoka nyumbani. Upande wa kichwa cha Karume ni ushindi, upande wa simba ni kipigo. Mwanangu wa mwisho akashika daftari. Tulirusha mara 162, tukaita msimu mmoja. Tukarudia, misimu mitano. Msimu wa kwanza sarafu ilishinda 86. Wa pili 73. Wa tatu 81. Wa nne ikafika 90, mtoto akaruka kwenye kochi: "Mama, hawa wanachukua kanda!" Wa tano ikarudi 78.

"Kwani walisajili nani?" nikamuuliza.

Akaigeuza sarafu mkononi, akaitazama pande zote. "Hakuna, Mama. Ni ile ile."

Hesabu ya vitabuni inasema hivyo hivyo: timu ya wastani kabisa, ya kushinda nusu ya mechi zake, bahati tupu itaitupa popote kati ya ushindi 75 na 87 karibu miaka miwili kati ya mitatu, na mwaka wa tatu itaitupa nje ya hapo. Sasa fikiria kanda ambayo timu tatu zimetofautiana kwa ubora wa mechi nne au tano tu. Ukiwa na macho makali kuliko watu wote duniani ukazipanga sawasawa, bado zinaweza kumaliza kinyume. Tangu siku hiyo siandiki jina peke yake. Naandika jina na kiwango: 78 hadi 88, 85 hadi 97. Viwango viwili vikilaliana sana, najua pale nimechagua kwa sababu karatasi inanilazimisha kuchagua.

Kuna jambo ambalo kanuni ya Bill James haiwezi kukuambia mwezi Machi, nalo ni nani ataumia. Bega na kiwiko cha mrushaji ni kama kamba ya ndoo ya kisima, inavutwa kila siku na hujui uzi upi umeshaanza kukatika. Upasuaji wa kiwiko wanaouita kwa jina la Tommy John, mrushaji wa kwanza kufanyiwa na daktari Frank Jobe mwaka 1974, unamweka mtu nje mwaka mzima au zaidi. Machi 2024 karatasi zote kwenye friji yetu ziliandika Atlanta juu ya kanda yao. Walikuwa mabingwa miaka sita mfululizo. Spencer Strider alikuwa ametoka kwenye msimu wa ushindi 20. Akaanza mechi mbili tu, kiwiko kikamaliza mwaka wake. Mwezi Mei, Ronald Acuña Jr., mchezaji bora wa ligi mwaka uliotangulia, goti lake likaenda. Philadelphia wakatwaa kanda.

Ndipo nikaanza kutazama wasiotazamwa. Na hapa mji wetu una baraka yake. Tiketi za Mud Hens si ghali, uwanja uko katikati ya mji, na wanaocheza pale ndio akiba ya Detroit. Agosti 2024 nilikaa na mwanangu nyuma ya kituo cha kwanza tukimtazama kijana mgeni, Trey Sweeney, aliyekuwa ametoka kwa Dodgers siku chache nyuma kwenye mauzo ya mrushaji Jack Flaherty. Detroit walikuwa wamemuuza Flaherty kwa sababu msimu ulionekana umekwisha. Tarehe 10 Agosti walikuwa na ushindi 55 na vipigo 63. Siku chache baadaye Sweeney alikuwa Detroit, na vijana wengine niliowaona Toledo wakiwa na jezi ya Mud Hens walikuwa naye. Mrushaji wa uhakika wa kuanza mechi alikuwa mmoja, Tarik Skubal. Siku nyingine kocha A. J. Hinch alikuwa akizigawa awamu za mechi kwa warushaji wa akiba, huyu awamu mbili, yule moja. Wakashinda 31 na kupoteza 13, wakaingia kwenye mchujo. Mimi niliwaona wale vijana kwa macho yangu na sikuwaamini. Niliwaona kama watoto wa Toledo.

Kwa hiyo Machi 2025 nilikuwa na kila kitu. Nilijua nyota mmoja hatoshi. Nilijua msimamo wa jana si wa kesho. Nilikuwa na kanuni, viwango na akiba. Pembeni ya kila timu nikaongeza safu mpya, ya sababu. Kanda ya Kati ya Ligi ya Amerika nikaandika Detroit wa kwanza, sababu: Skubal, na vijana wa Toledo wamekomaa. Kansas City wa pili. Cleveland wa tatu, ushindi 76 hadi 86, sababu: wamewaachia Andrés Giménez na Josh Naylor, mikimbio itatoka wapi? Babu aliandika Detroit, kisha Cleveland. Aliandika kwa penseli kama kawaida yake, nami kwa wino.

Hadi Julai nilikuwa sahihi kuliko mwaka wowote wa maisha yangu. Tarehe 8 Julai Detroit walikuwa na ushindi 59 na vipigo 34. Cleveland walikuwa wametoka kupoteza mechi kumi mfululizo, wako 42 kwa 48. Mikimbio yao ilisema hivyo hivyo. Hata kanuni haikuwatetea. Mwisho wa Julai walifanya biashara za timu iliyoinua mikono, na mrushaji wao wa kumalizia mechi alikuwa amesimamishwa kupisha uchunguzi wa kamari. Mistari yangu miwili ya wino ilionekana nadhifu.

Dada wa Cleveland hakubishana hata siku moja. Alikuwa anakuja saa moja jioni, anafungua redio, anakunja. Agosti pengo likapungua kidogo, nikasema ni kawaida. Mwanzoni mwa Septemba Detroit bado walikuwa mbele sana. Halafu Detroit wakaanza kupoteza, na Cleveland wakaacha kupoteza, vyote kwa wakati mmoja.

Tarehe 23 Septemba walikutana Cleveland, pengo limebaki mchezo mmoja, na Detroit wamemsimamisha Skubal mwenyewe. Ukiniuliza mwezi Machi nani nimpe mechi ya kuokoa msimu, ningesema yeye. Saa mbili na ushee usiku, awamu ya sita, Detroit wanaongoza 2-0. Steven Kwan akaugusa mpira kidogo tu kwa gongo, ukadondoka karibu na miguu yake, akakimbia akafika. Ángel Martínez naye akaugusa hivyo hivyo. Skubal aliufuata, hakuwa na nafasi ya kugeuka, akaurusha kinyumenyume katikati ya miguu yake kuelekea kituo cha kwanza. Ukaenda pembeni. Kisha akaja David Fry, naye akiinama kutaka kuugusa, na mpira wa maili 99 kwa saa ukampata usoni.

Mashine ya pasi ilikuwa inaendelea kunguruma lakini hakuna aliyekunja. Mtangazaji alishusha sauti. Babu alikuwa ameingia kuchukua mzigo, akavua kofia. Dada wa Cleveland alifunika mdomo kwa shuka alilokuwa ameshika, na kwa dakika kadhaa hapakuwa na Detroit wala Cleveland mle ndani, mpaka tuliposikia kwamba Fry amekaa, ana fahamu, anatolewa. Mechi iliporudi, Skubal hakuwa yule tena. Cleveland wakafunga mitatu awamu ile, wakashinda 5-2, timu zikawa sawa: 85 kwa 72 kila moja.

Tarehe 28 Septemba msimu ulikwisha. Cleveland 88, Detroit 87. Tangu Julai, Cleveland walishinda 46 na kupoteza 26. Detroit walishinda 28 na kupoteza 41. Katika historia yote ya besiboli hiyo ya Marekani hakuna timu iliyowahi kutoka nyuma ya pengo kubwa vile ikatwaa kanda. Siku mbili baadaye zikakutana kwenye mchujo, Detroit wakawatoa Cleveland mechi mbili kwa moja, jambo ambalo upande mmoja wa meza yetu unalitaja kila siku na upande mwingine hautaki kulisikia.

Nilipatia nafasi chache mwaka huo. Toronto niliwaandika mkiani mwa kanda yao kwa kuwa walimaliza mkiani 2024. Walilingana na Yankees kwa ushindi 94 na kupewa ubingwa kwa mechi walizokutana wenyewe. Baltimore niliwaandika juu, wakamaliza mkiani. Donati nilinunua mimi, madazeni matatu, na sikuona vibaya.

Kilichonikalisha chini ni ile safu ya sababu. Siku hizi nasahihisha sababu kabla ya nafasi. Philadelphia 2019: nafasi mbaya, sababu mbaya. San Diego 2024: zote nzuri. Atlanta 2024: sababu nzuri, ila viungo vya binadamu vilikataa. Toronto: sababu ya uvivu, niliunakili msimamo wa jana ingawa nilishajifunza 2021, na hilo liliniuma kuliko donati. Halafu nikafika Cleveland. Sababu yangu ya Machi ilisimama mpaka mwisho: walikuwa na shida ya kufunga kweli, na walimaliza msimu wakiwa wamefungwa mikimbio mingi kuliko waliyofunga. Bingwa wa kanda, mwenye mikimbio ya timu inayopoteza zaidi ya nusu. Kiwango changu kilikuwa 76 hadi 86, wao wakafika 88. Nilitafuta nilichopaswa kukiona mwezi Machi, nikapitia akiba yao, warushaji wao vijana, ratiba. Nikaiacha nafasi ya marekebisho wazi.

Kosa langu halisi halikuwa la Machi. Machi nilikuwa nimeandika kiwango, nikakiri kwamba sijui. Julai nikachukua wino. Timu ile ile, kanuni ile ile, sarafu ile ile mkononi, lakini nilikuwa nimeona mechi tisini zikienda nilivyotaka, nikasahau kwamba zimebaki sabini. Na nililisema kwa mtu anayeipenda timu hiyo tangu utotoni, usoni mwake, katikati ya kazi.

Nilimwambia hivyo usiku wa Jumatatu ya donati. Nilimwita pembeni karibu na mashine ya pasi, nikamwomba radhi kwa maneno ya Julai. Alicheka kwanza, kisha akaniuliza kama karatasi bado iko kwenye friji. Nikamwambia ipo, kesho naipeleka nyumbani kwenye bahasha na nyingine.

"Nipe mimi, dada," akasema.

Nikaibandua. Iko ndani ya mlango wa kabati lake la kazini, juu ya picha ya watoto wake, na mistari yangu miwili ya wino haijafifia.